Pampu Ilifaulu Maabara, Damu Ikaganda: Kisa cha HeartMate II

Katika hospitali tatu kubwa za Marekani, kabla ya Machi 2011, mgonjwa aliyewekewa pampu ya moyo aina ya HeartMate II alikuwa na hatari ya asilimia 2.2 ya kupata bonge la damu ndani ya pampu katika miezi mitatu ya kwanza. Kufikia Januari 2013 hatari hiyo ilikuwa imepanda hadi asilimia 8.4. Pampu yenyewe ilikuwa imeshaidhinishwa miaka kadhaa nyuma. Ilikuwa imezungushwa kwenye damu maabara, ikapandikizwa kwa wanyama, ikajaribiwa kwa mamia ya wagonjwa, na matokeo yake yakaridhisha. Halafu, ikiwa tayari imo vifuani mwa maelfu ya watu, ikaanza kuziba mapema kuliko ilivyotarajiwa.

Nakichambua kisa hiki kwa sababu kinaonyesha wazi, kuliko kingine chochote ninachokijua, uwezo wa maabara unakoishia linapokuja suala la damu kuganda ndani ya viungo bandia. Kipimo cha maabara kina nguvu katika kulinganisha: ukikipa pampu mbili, kitakwambia ipi inaidhuru damu zaidi. Kumwambia daktari ni wagonjwa wangapi kati ya mia watapata bonge ni jambo jingine kabisa, na ushahidi wa miaka ile unaonyesha hakiwezi.

Chuma ndani ya damu

HeartMate II, iliyotengenezwa na kampuni ya Thoratec, ni pampu ya titani yenye uzito wa gramu 290 hivi. Huvuta damu kutoka ventrikali ya kushoto, chumba kikuu cha kusukuma damu cha moyo uliochoka, na kuisukuma hadi kwenye aota, mshipa mkubwa wa mwili. Ndani yake mna kitu kimoja tu kinachotembea: rota inayozunguka kati ya mara 8,000 na 10,000 kwa dakika kwa wagonjwa wengi. Rota hiyo imeshikiliwa na beringi za yakuti, mbele na nyuma, na beringi hizo hazina grisi wala maji ya kupoza. Damu ya mgonjwa inayopita ndiyo inayozilainisha na kuziondolea joto. Shika jambo hilo, maana kisa chote kinarudi hapo.

Tangu karne ya 19 tabibu wa Kijerumani Rudolf Virchow amehusishwa na mambo matatu yanayoifanya damu igande mahali isipotakiwa: ukuta inaogusa, namna inavyotiririka, na hali ya damu yenyewe. Pampu ya moyo inayavuruga yote matatu kwa mpigo. Protini za plazma, yaani majimaji ya damu, hunata kwenye titani ndani ya sekunde chache. Katika mianya myembamba kando ya rota, tabaka za damu hupishana kwa kasi tofauti sana, na mkwaruzo huo huamsha chembe sahani, vile vipande vidogo vya seli ambavyo kazi yake ni kushikamana na kuziba jeraha. Zilizoamshwa zikifika pembe ambako damu inatuama, hapo bonge hupata mahali pa kuota.

Lakini mkwaruzo uohuo una upande wa pili. Huinyoosha protini ndefu iitwayo von Willebrand, ambayo ni kama gundi ya chembe sahani, na ikishanyooshwa hukatwakatwa na kimeng'enya cha mwili. Mgonjwa hubaki na upungufu wa gundi hiyo na kuanza kutokwa damu, hasa tumboni na kwenye utumbo. Kwa hiyo mashine moja inaweza kugandisha damu ndani yake huku ikimfanya mwenye nayo avuje damu kwingine. Madaktari waliokuwa wakihudumia wagonjwa hawa walivutwa pande mbili kila siku, na mvutano huo ndio uliozaa baadhi ya maamuzi tutakayoyaona.

Maabara hupima nini hasa

Kuna kipimo kimoja cha pampu za damu ambacho kimekaa imara: kiwango cha ASTM F1841, kinachopima kupasuka kwa seli nyekundu. Pampu hufungwa kwenye saketi ya mipira yenye damu ya mililita 450 hivi, katika joto la nyuzi 37, ikisukuma lita 5 kwa dakika dhidi ya shinikizo la milimita 100 za zebaki, kwa muda wa saa sita. Kila baada ya muda huchukuliwa sampuli na kupimwa himoglobini iliyomwagika kwenye plazma. Ni kipimo kizuri. Kinarudiwa kirahisi, kina namba moja mwishoni, na maabara mbili tofauti zinaweza kuelewana.

Kwa damu kuganda hakuna kitu kama hicho kinachokubalika na wote kwa pampu. Kiwango cha ISO 10993-4 kinaorodhesha aina za vipimo vya mwingiliano wa damu na kifaa, lakini kuchagua na kufasiri kunabaki kwa mtafiti. Wapo wanaotumia mpira uliofungwa duara na kuzungushwa, mbinu aliyoieleza Chandler mwaka 1958. Inafaa kwa kulinganisha malighafi, ila ndani ya duara hilo damu inakutana na hewa, na hewa peke yake huisumbua. Wapo wanaofunga pampu nzima kwenye saketi ya damu ya ng'ombe au nguruwe kisha kuifungua na kutafuta mabonge kwa macho.

Hapo ndipo ugumu wa kweli unapoanza. Damu iliyotoka mwilini haiwezi kukaa kwenye saketi bila dawa ya kuizuia isigande, kwa kawaida heparini. Heparini ikizidi, hakuna kifaa kitakachoonyesha bonge, hata kilicho kibaya. Ikipungua, kila kitu kinaganda, pamoja na mipira na viungio. Nafasi iliyobaki katikati ni nyembamba, na inabadilika kutoka mnyama hadi mnyama, kiasi kwamba maabara makini huipimia kila damu dozi yake. Chembe sahani nazo hupoteza nguvu saa chache baada ya damu kutolewa, na za ng'ombe haziitikii vichocheo sawasawa na za binadamu. Saketi haina ini la kusafisha, haina uboho wa kuzalisha seli mpya, haina ukuta hai wa mishipa unaotoa kemikali za kuituliza damu.

Pampu inayopimwa nayo huwa mpya. Imenyooka, imefungwa kwenye mipira iliyonyooka, inasukuma kwa kasi iliyochaguliwa. Kifuani, mrija wa kuingizia damu unaweza kukaa upande na kuelekea ukuta wa moyo, na hata ukiwekwa sawa, moyo ukishapunguziwa mzigo hunywea na kuuhamisha. Kipimo cha saa sita hakina namna ya kuyaona hayo.

Majaribio ya wanyama yanaongeza muda, na kwa maoni yangu ndiyo yanayoaminiwa kupita kiasi. Tufanye hesabu. Chukua pampu ambayo hatari yake halisi ni asilimia 8.4 katika miezi mitatu. Ipandikize kwa ndama wanane na uwafuatilie miezi hiyo mitatu, na tuseme kwa hisani kwamba ndama anaganda damu kama binadamu. Uwezekano wa kutoona bonge hata moja ni karibu asilimia 50. Sasa chukua pampu yenye hatari ya asilimia 2.2: uwezekano huo ni karibu asilimia 84. Kwa maneno mengine, matokeo yaleyale safi, ndama wanane bila bonge, yanaweza kutoka kwa urahisi kwenye pampu zote mbili, ingawa moja ina hatari inayokaribia mara nne ya nyingine. Tofauti iliyozua taharuki mwaka 2013 ni tofauti ambayo jaribio la ukubwa huo halikuwa na uwezo wa kuiona.

Miaka ya mafanikio

Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, iliidhinisha HeartMate II mwaka 2008 kwa wagonjwa wanaosubiri kupandikizwa moyo, na Januari 2010 kwa wale ambao pampu ndiyo tiba yao ya kudumu. Ilistahili. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2009, asilimia 58 ya waliopewa pampu hii walikuwa hai baada ya miaka miwili, ikilinganishwa na asilimia 24 ya waliopewa pampu ya zamani ya HeartMate XVE. Mtu yeyote anayesimulia mabonge ya HeartMate II bila kutaja namba hizo anawadhulumu wagonjwa walioishi kwa sababu yake.

Mabonge yalikuwa machache wakati huo, na lililowasumbua madaktari zaidi lilikuwa kuvuja damu. Wakachukua hatua ambazo zilikuwa na mantiki. Lengo la wafarini, dawa ya kuzuia damu isigande, lililokuwa INR (kipimo cha jinsi damu inavyochelewa kuganda) ya 2 hadi 3, likateremshwa katika vituo vingi hadi 1.5 hadi 2.5. Wengi wakaacha kumpa mgonjwa heparini ya mshipa katika siku za mwanzo kabla wafarini haijaanza kazi. Baadhi wakapunguza kasi ya rota ili vali ya aota ipate kufunguka, jambo ambalo lina faida zake.

Kila hatua, ikitazamwa peke yake, ilikuwa na ushahidi au hoja nyuma yake. Lakini muungano wake, yaani kasi ndogo, dawa kidogo na pampu yenye beringi zinazotegemea damu iziondolee joto, haukuwa hali iliyopimwa maabara kabla ya kuidhinishwa, na sidhani kuna aliyewajibika kuipima. Kifaa kiliidhinishwa pamoja na namna fulani ya kukitumia. Matumizi yakabadilika, hakuna aliyekirudisha kwenye meza.

Namba zinazogeuka

Mwishoni mwa Novemba 2013, madaktari wa Cleveland Clinic, Chuo Kikuu cha Duke na hospitali ya Barnes-Jewish ya Chuo Kikuu cha Washington walichapisha kwenye jarida la New England Journal of Medicine takwimu za wagonjwa wao 837, waliowekewa pampu 895. Mabonge yaliyothibitishwa yalikuwa 72 katika wagonjwa 66. Mbali na kupanda kwa asilimia nilizozitaja mwanzo, kuna namba moja ambayo kwangu ndiyo inayosema zaidi: muda wa kati kutoka siku ya kupandikizwa hadi bonge ulishuka kutoka miezi 18.6 hadi miezi 2.7.

Hazikuwa ajali zilezile zikitokea mara nyingi zaidi. Bonge la mwezi wa 18 na bonge la wiki ya kumi na moja yana uwezekano mkubwa wa kuwa na asili tofauti: la kwanza linaweza kutokana na maambukizi, dawa zilizoachwa au uchakavu, la pili limeanza karibu na siku ya upasuaji. Usajili wa kitaifa wa wagonjwa wa pampu za moyo, INTERMACS, ulionyesha mwelekeo uleule, kwa hiyo tatizo halikuwa la hospitali hizo tatu. Hata hivyo watafiti hawakuweza kukinyooshea kidole chanzo kimoja, na baada ya miaka yote hii maelezo yanayokubalika ni kwamba sababu zilikuwa nyingi kwa pamoja.

Pampu zilizotolewa vifuani zilisaidia. Katika nyingi bonge lilikuwa limeshika kwenye beringi ya mbele, na lilipokatwa likaonekana limejengeka tabaka juu ya tabaka, kama miduara ya shina la mti. Bonge lililofika ghafla kutoka moyoni haliwi na sura hiyo. Hili lilikua palepale, polepole, kwenye sehemu ya joto ambako damu haikupita kwa wingi wa kutosha.

Kipimo kilichotoka hospitalini

Sehemu hii ndiyo inayonigusa zaidi, kwa sababu jibu lilikuwa karibu wakati wote. Bonge likianza kubana mwanya kando ya rota, damu inayopenya pale inakwaruzwa zaidi na seli nyekundu hupasuka. Ndani yake mna kimeng'enya kinachojulikana kwa kifupi kama LDH, nacho humwagika kwenye plazma. Maabara ya kawaida ya hospitali hukipima bila shida. Katika takwimu zilezile, wastani wa LDH ulipanda kutoka 540 hadi uniti 1,490 kwa lita katika wiki zilizotangulia kuthibitishwa kwa bonge.

Ukilitazama vizuri, hilo ni jambo lilelile linalopimwa na ASTM F1841: kupasuka kwa seli nyekundu. Tofauti ni kwamba saketi sasa ni mwili wa mgonjwa, damu ni yake mwenyewe, dawa ni kipimo anachokunywa kweli, na muda ni wiki badala ya saa sita. Maabara ya kifaa ilikuwa ikitumia kupasuka kwa seli kama kosa la kubuni pampu. Kliniki ikajifunza kutumia kupasuka huko kama kengele ya bonge. Wataalamu wa pande mbili walikuwa na kipimo kimoja mkononi na walichelewa kuongea.

LDH ina kasoro zake. Ini likiumwa au misuli ikiumia nayo hupanda. Ndiyo maana kundi la madaktari wa Chuo Kikuu cha Columbia lilipendekeza kuiunganisha na jaribio la kupandisha kasi: rota huongezwa kasi hatua kwa hatua, kuanzia mizunguko 8,000 hadi 12,000, huku moyo ukitazamwa kwa mawimbi ya sauti. Pampu iliyo wazi huufanya moyo upungue ukubwa kadiri kasi inavyopanda. Pampu iliyoziba haifanyi hivyo, hata ikizungushwa kwa nguvu gani.

Uharaka wake unaonekana kwenye vifo. Wagonjwa waliobadilishiwa pampu au kupandikizwa moyo baada ya bonge waliishi kwa viwango vinavyokaribia vya wasiopata bonge kabisa. Kwa wale ambao hawakufanyiwa lolote kati ya hayo mawili, vifo katika miezi sita iliyofuata vilikadiriwa kuwa asilimia 48.2.

Baada ya hapo

Marekebisho ya kwanza hayakugusa chuma. Utafiti ulioitwa PREVENT, uliofuatilia wagonjwa 300 wa HeartMate II, uliwataka madaktari wairudishe heparini ya mwanzo, waweke INR kati ya 2 na 2.5, wasiiache kasi ishuke chini ya 9,000 na wadhibiti shinikizo la damu. Mabonge yalikuwa asilimia 2.9 katika miezi mitatu na 4.8 katika sita. Waliofuatiwa kikamilifu mapendekezo ya mbinu ya upasuaji, heparini na kasi walikuwa na asilimia 1.9 katika miezi sita, na wengine asilimia 8.9. Pampu ileile. Saketi ya maabara ingetoa jibu moja kwa makundi yote mawili.

Marekebisho ya pili yaliondoa beringi. HeartMate 3, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2017, ina rota inayoelea kwa sumaku bila kugusa chochote, ikiwa na mianya ya kati ya nusu milimita na milimita moja, na kila baada ya sekunde mbili hubadili kasi ili kusafisha sehemu damu inakoweza kutuama. Hapa maabara ilifanya kazi inayoiweza: kulinganisha miundo, kutafuta pembe za kutuama kwa uigaji wa kompyuta, kuona wapi mkwaruzo unapungua. Katika matokeo ya mwisho ya jaribio la MOMENTUM 3, lililochapishwa mwaka 2019 likiwa na wagonjwa 1,028, bonge la pampu lilitokea kwa asilimia 1.4 ya wenye HeartMate 3 na asilimia 13.9 ya wenye HeartMate II.

Watafiti wa vyuo vikuu vya Stony Brook na Arizona walikuwa wameshaonyesha mwaka 2012, kwa pampu nyingine, njia ninayoiona bora kuliko saketi peke yake. Walikokotoa kwa kompyuta njia ambazo chembe sahani hupitia ndani ya pampu, wakachagua zilizo mbaya zaidi, kisha wakaziwekea chembe sahani halisi mkwaruzo uleule kwenye mashine maalumu na kupima zimeamka kiasi gani. Njia hiyo humruhusu mhandisi kubadili pembe moja na kujua mara moja kama amesaidia.

Lakini hata HeartMate 3 ilitoka na lake. Mwaka 2018 watengenezaji walilazimika kutoa onyo la usalama: mrija wa kutolea damu uliweza kujisokota taratibu kwenye kiungio chake baada ya miezi ndani ya mwili, ukabana njia na kuleta bonge. Likaongezwa kibanio cha kuuzuia usizunguke. Miaka sita baadaye likaja onyo jingine, la uchafu wa kibiolojia unaojikusanya polepole nje ya mrija huo, chini ya kifuniko chake, na kuubana. Sehemu ya pampu yenyewe ilikuwa imepimwa kwa bidii. Tatizo likahamia mahali ambako muda ndio uliokuwa kipimo.

Kwa hiyo ningependa kuona mambo matatu katika maabara zinazopima viungo bandia. Pampu zipimwe kwenye mipaka ya matumizi yake: kasi ya chini kabisa inayoruhusiwa, mrija wa kuingizia ukiwa umepindishwa kwa makusudi, heparini ikiwa kidogo kiasi damu inavyoweza kustahimili. Pampu zinazotolewa kwa wagonjwa, zikiwemo zisizo na bonge, zirudishwe kwenye saketi na kulinganishwa na mpya, kwa kuwa uso wa titani uliokaa mwaka mzima kwenye damu si uso uliotoka kiwandani. Na ripoti ya wanyama wanane bila bonge iandike palepale, kwa namba, kwamba matokeo hayo bado yanapatana na hatari ya hadi asilimia 31 kwa kiwango cha uhakika cha asilimia 95, ili daktari atakayeisoma ajue ni kwa nini anatakiwa kuanza kupima LDH ya mgonjwa wake tangu wiki za kwanza baada ya upasuaji.